Projekta Inayotaka Giza

Balbu ya projekta ilikuwa moja, wanunuzi wawili. Duka la vifaa vya umeme la Ngamiani lilikuwa limefurika watu asubuhi ile, na Nasima, aliyekwisha kuchoka kabla jua halijakolea, alinyoosha mkono sawia na kijana mrefu mwenye shati la rangi ya maziwa.

"Chukua, bibie," akasema kijana. "Mie nna harusi ya kuonyesha picha, bwana harusi atasubiri. Weye una nini?"

"Nina minazi inayokufa, kaka. Na kazi inakufa nayo."

Akacheka. Alikuwa Fadhil, fundi wa projekta, Mpemba aliyehamia Makorora. Nasima hakucheka. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, kila ofisi inapunguza watu, na mradi wake wa minazi ulikwishamwambia: wakulima wasipouelewa ugonjwa, bibi shamba wa kwanza kupunguzwa ni yeye.

Fadhil akaanza kumpigia simu ofisini.

"Mwandani, umekula?"

"Nimekula vumbi la mafaili."

"Basi nakuletea mkate wa kumimina."

Akauleta kweli, ungali moto. Mapenzi yakawakolea bila kuwaomba ruhusa.

Ukaja mkutano wa Pangani. Ofisi ilikuwa na projekta mbili: ya karatasi za plastiki, inayoonekana hata madirisha yakiwa wazi, na ya slaidi, yenye picha za kupendeza lakini inayotaka giza. Nasima aling'ang'ania slaidi.

"Ugonjwa huanza kwa makuti kugeuka manjano. Nikiuchora kwa wino mweusi, nani ataamini?"

Fadhil aliigusa ile ya plastiki, akaiacha. "Upendavyo, kipenzi."

Huko Pangani, Fadhil akiwa ndiye mwendesha projekta, walifunga madirisha na kutundika mablanketi. Picha ya kwanza ilipowaka, kanga zikaanza kuchakarika. Wanawake, ambao ndio wenye minazi mingi, walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Nasima akamkimbilia bibi mmoja mlangoni.

"Shikamoo bibi. Mbona mwaondoka?"

"Marahaba, mwanangu. Tukae gizani na waume za watu? Kesho tutasemwaje?"

Nasima, mtoto wa mjini aliyezoea sinema, hakuwa amewaza hilo. Minazi aliijua, watu bado. Mkuu wa mradi aliviona viti vitupu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Njiani kurudi, Fadhil akakiri. "Nilijua. Hata kwetu Pemba ni hivyo. Niliogopa nikikupinga utanichoka."

"Ukaniacha niaibike? Usinipigie tena!"

Wiki tatu simu ililia, naye hakuipokea. Alimkasirikia Fadhil, na alimtamani vilevile, na yote mawili yalimchosha. Kisha mkuu akampa mkutano mmoja wa mwisho, Ushongo. Nasima akaenda kwenye karakana ya Fadhil, mtandio umemwangukia mabegani, macho mekundu.

"Nichagulie projekta. Nimechoka."

"Sikuchagulii. N'takwambia ninayoyajua, kisha uchague mwenyewe. Ya plastiki haitaki giza, na manjano tutayapaka kwa kalamu za rangi. Halafu mwandiko wako mdogo, hausomeki."

Maneno hayo yalimuuma kidogo, na yalimpendeza kuliko mkate wa kumimina. Akachagua ya plastiki.

Ushongo, milango ilibaki wazi. Picha zilififia kwa mwanga, lakini hakuna mwanamke aliyenyanyuka, na maswali yaliendelea hadi adhuhuri. Nasima akarudi mjini na matumaini.

Hayakumfaa kitu. Juma lililofuata ikaja barua: mradi mzima unafungwa. Fadhil alimkuta amekaa barazani kwao, analia, akaketi kando yake. Kisha akakohoa.

"Nasima, nataka kukuoa. Chumba changu kinavuja, mama yangu mkali, na siku hizi kila mtu ananunua video, projekta hazina wateja. Haya, nimekwambia yote."

Nasima akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mkali kiasi gani?"

"Sana."

"Basi walete wazee wako Ijumaa," akasema, "na yeye awemo."