Nyusi Mpya na Vumbi la Ndengu

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilikuwa na kazi moja. Nilichukua kioo na penseli nyeusi, nikachora nyusi. Zangu ziliisha zamani. Nikiwa msichana nilizinyoa kwa wembe kila wiki, nikidhani ni urembo, mpaka zikakataa kuota. Sasa nina miaka arobaini na saba, na kwetu Kathonzweni jua ni kali. Kufika saa nne, jasho limeshusha penseli mpaka mashavuni. Kanisani naimba mstari wa mbele, na watoto walikuwa wakiniangalia wakicheka.

Mimi ni Katunge. Wengi wananiita Mama Kanini. Jambo hili nililionea haya sana, na hata nikilisimulia leo masikio yanapata moto.

Mwezi wa pili, binti yangu Kanini alikuwa anachumbiwa na kijana anaitwa Nthiwa. Watu wao walikuwa waje na mbuzi wa ntheo, ile siku familia mbili zinakutana na uchumba unajulikana rasmi. Mimi ningekaa mbele nitazamwe. Nikasema, si kwa uso huu.

Nilikuwa nimesikia kuna nyusi zinazokaa. Anayefanya anachanja ngozi juu juu kwa wembe mwembamba, mistari midogo kama nywele, kisha anatia rangi. Zinakaa mwaka, hata miwili. Mjini Wote kuna mama anaitwa Mwanamisi, watu wake walitoka Pwani, na hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Nikamwambia mume wangu, Mutisya, naenda kununua magunia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Mwanamisi simsingizii. Alivaa glavu mpya, akafungua wembe mpya nikiona, akachora umbo kwanza na kunipa kioo. Alitaka kunipaka rangi kidogo nyuma ya sikio, nirudi kesho yake aone kama ngozi itaikataa. Nikamdanganya kwamba nilishapimwa hivyo mahali pengine. Ningekuja Wote mara mbili bila kujulikana? Akakubali shingo upande.

Alipomaliza alinieleza namna ya kuzitunza. Alieleza sana. Mimi nilikuwa naangalia mlango, nisije nikaonwa na mtu wa kanisani. Nilijifunga kitambaa mpaka machoni, nikatoka mbio.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu yangu ya mwethya. Kwetu wanawake tunasaidiana kazi kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Walikuja kwangu na fimbo zao kupiga ndengu, zitoke kwenye maganda. Huwezi kuita watu halafu wewe ukae kivulini. Na ningesema nini, kwamba nina vidonda vya urembo? Niliingia vumbini pamoja nao kutwa nzima, jasho na makapi yakiingia chini ya kitambaa.

Kitambaa kiliteleza mara moja. Wayua, jirani yangu, akaniuliza kama nimepakwa rangi ya viatu. Alikuwa anatania, lakini niliumia. Jioni nilijitazama. Wacha wee. Nyusi zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Sikujua kwamba weusi ule ni wa siku za kwanza tu. Nilichukua sabuni ya kipande na dodoki, nikasugua mpaka ngozi ikatoka.

Siku ya ntheo, nyusi ya kushoto ilikuwa imevimba na kutoa usaha. Wageni walipoingia, mimi nilikuwa jikoni kwenye moshi, mlango nimeufunga. Niliwasikia wakiuliza mama yuko wapi. Nilimsikia Kanini akisema mama anaumwa, hawezi kuinuka. Ndipo wakasimama wote, wakaniombea nipone. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni Kanini alikuja jikoni. Hakufoka.

"Mama, leo nimedanganya wakwe, na wao wakaomba Mungu," alisema. "Nitawatazamaje?"

Nililia, na machozi yenyewe yakachoma kidonda.

Jumatatu alinishika mkono tukaenda hospitali. Muuguzi alisema ngozi ikiwa moto, ikiwa nyekundu au ikitoa usaha, mtu asingoje hata siku moja. Alinisafisha, akanipa dawa. Kidonda kilipokauka, Kanini akasema sasa ni Wote. Nilikataa. Heri nikae bila nyusi kuliko kumtazama yule mama. Akanivuta tu.

Mwanamisi alikitazama kidonda changu. Nikajua nitasutwa. Badala yake alifunga mlango, akavuta kiti.

"Dada yangu, na mimi nina kosa," alisema. "Kile kipimo cha sikio sikupaswa kukiacha. Tena niliona hunisikii, nikaendelea kuongea. Leo utanirudishia maneno yangu moja moja."

Safari hii nilisikiliza. Alisema siku za kwanza rangi hukolea kupita kiasi. Kisha gamba hutoka, rangi hufifia mpaka udhani imeisha, halafu inarudi polepole. Inataka kama mwezi mmoja, kwa hiyo mwenye sherehe asije wiki ya sherehe. Gamba halichunwi wala halisuguliwi, linaanguka lenyewe. Siku kumi hivi hakuna vumbi, jasho wala moshi, na hupaki kitu isipokuwa mafuta uliyopewa. Baada ya wiki sita unarudi kujaziwa palipopungua. Mwenye mimba angoje ajifungue, na mwenye ugonjwa wa sukari amuulize daktari kwanza. Nilirudia yote kama mtoto wa darasa la kwanza. Niliporuka la vumbi, alinirudisha mwanzo.

Hakunigusa siku hiyo. Alisema ngozi ipumzike miezi mitatu.

Nyumbani nilimwambia Mutisya ukweli kuhusu magunia. Akasema alijua zamani, kwani hakuna gunia lililofika.

Mwezi wa tano nilisimama mbele ya mwethya. Niliwaambia kila kitu, hata yale maombi ya wakwe. Nikasema siku kumi sitalima wala sitapika, na zamu yangu nitairudisha baadaye. Kisha Wayua akasema atanipikia yeye, maana kumbe mzaha wake uliniumiza.

Basi nilipimwa nyuma ya sikio, nikangoja siku yake, nikachanjwa. Gamba likaanguka lenyewe. Nilipoona rangi inafifia niliingiwa na hofu, lakini mikono niliikalia. Wiki sita zikaisha, nikajaziwa.

Mwezi wa nane Kanini aliolewa. Nilisimama mbele bila kitambaa, na jasho lilitiririka likaniacha na nyusi zangu. Baada ya ibada mama yake bwana harusi alinishika mikono yote miwili, akaniuliza kama ule ugonjwa uliisha. Kanini akaangalia chini.

"Mama Nthiwa, sikuwa mgonjwa," nilisema. "Nilikuwa nimeharibu nyusi zangu. Nilijificha jikoni nikiwasikia mkiniombea. Nisamehe."

Aliiachia mikono yangu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha akasogeza kitambaa chake juu kidogo. Nyusi zake zilikuwa za penseli, na ya kulia ilikuwa imeshateremka.

"Huko ulikofanyiwa," alininong'oneza, "ni wapi?"

"Nitakupeleka mwenyewe," nilisema. "Lakini kwanza niambie, kwenu mnapiga ndengu lini?"