Jina la Aliyekwea

Harufu ya kitunguu saumu ilianza saa nne asubuhi, katika chumba cha chuo cha kuhifadhia mimea mikavu, ambamo haijawahi kupikwa hata chai. Zaina alidhani kuna mwenzake aliyekula pondu, mboga ya majani ya muhogo, iliyotiwa ganda la mti wenye harufu hiyo, maana Kisangani nzima hulitwanga kuungia mboga. Akafungua jalada. Maua ya mti huo huo, yaliyokaushwa mwaka 1975 na kukaa miaka mitatu yakiwa na rangi ya tumbaku, yalikuwa meupe. Petali tano, stameni kumi, zote mbichi, na karatasi chini yake imelowa. Alilifunga jalada upesi, akaenda kunawa mikono.

Kazi yake ilikuwa kupiga taipu lebo. Kila tawi lililoletwa kutoka msituni lilibandikwa kwenye karatasi ngumu, likaandikiwa jina la mti, mahali, tarehe, na jina la aliyelichuma. Maua ya mti huu hukaa kileleni, mita thelathini juu, huwezi kuyaona ukiwa chini. Aliyeyafuata kwa kamba na kisu, kule msitu wa Opala, ni baba yake, Papa Assumani, mtumishi wa chuo hicho. Kamba ilikatika. Tawi lilifika salama, mguu wake ukavunjika mahali pawili. Profesa aliyeongoza safari hiyo, aliyekuwa kivulini akijipepea kwa kofia, akaandika kwenye lebo kwamba mchumaji ni yeye. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda humjua aliyemlisha.

Jambo hilo lilimkaa Zaina kooni miaka yote mitatu. Wiki mbili kabla ya harufu ile, aliing'oa lebo ya zamani akapiga mpya: *Récolteur: Assumani*, yaani mchumaji ni Assumani. Alipomweleza baba yake, mzee alimtaka arudie mara tatu, kisha akafuta macho kwa ukosi wa shati.

Siku ya harufu, Zaina alirudi nyumbani Kabondo mchana, akamkuta baba yake kitini, uso ameuelekeza kwenye bati la paa.

"Papa, iko nini?"

"Kuna mutu iko naniita, mama. Sauti inatoka yulu. Yulu sana, sawa mutu iko ku kichwa ya muti."

Zaina alitaka kucheka, kisha akaisikia harufu. Mboga haikuwa imepikwa nyumbani humo tangu juzi. Na hapo, juu ya bati, mahali pasipo na mti wala jengo, ulisikika mlio wa tawi likivunjika, na sauti nyembamba, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikaita taratibu: "Assumani."

Akakimbia kumwita Mwalimu Hemedi wa madrasa, aliyesoma kisomo hadi jasho likamtiririka shingoni, mwishowe akasema kwa kunong'ona.

"Njo jini ya ule muti. Walimukata akiwa na maua. Alimufwata profesa kwa sababu ya jina ile ya kwanza, akanusa mikono yake, hakukuta harufu ya ganda. Akajua si yeye, akapotea njia. Sasa jina ya kweli iko ku karatasi."

"Donc ni mi njo nilimuleta," Zaina alisema.

"Rudisha jina ya profesa, leo hii. Atapotea tena. Na wewe, kaka, akiita, usiitike. Ata mara moja."

Zaina alikuwa ameshanyakua mkoba. Baba yake akaushika upindo wa kitenge chake.

"Acha, mama."

"Papa, atakuuwa!"

"Miaka makumi mbili napanda yulu ya miti yabo. Nani alisha kusema ni mi? Ukifuta ile jina, wewe njo utaniuwa."

Zaina alivuta, mzee hakuachia, Mwalimu naye akainua sauti ya kisomo, na harufu ikazidi hadi macho yakawasha, na bati likaanza kulia tik, tik, tik kama petali zinavyodondoka, ila kila petali ilikuwa na uzito wa jiwe, na ile sauti ikashuka kutoka angani kwenye paa, kutoka paa kwenye boriti, kutoka boriti hadi juu kabisa ya kichwa cha mzee, ikaita kwa upole ambao Zaina hakuwahi kusikia mtu yeyote kazini akimwitia baba yake: "Assumani?"

"Naam," mzee akajibu, kwa sauti kubwa. "Ni mi."

Hakuinuka tena kitini, alikufa hapo hapo. Lakini waosha maiti walitoka wakiwa wamepauka, wakasema hana mfupa mzima, kama mtu aliyeanguka kutoka juu sana, na viganjani ana ganda bichi la mti.

Profesa alifika matangani siku ya pili, kavaa abakosti, ile suti isiyo na tai, beji ya chama kifuani. Alimshika Zaina mkono kwa mikono yake yote miwili, mikono laini, isiyo na harufu yoyote.

"Pole sana, citoyenne. Papa Sumaili alikuwa mutumishi muzuri."

Zaina alimtazama. Alingoja alirekebishe jina. Profesa akauliza tu kama Jumatatu atarudi kazini.

Jini aliyemuua baba yake hakukosea jina lake hata mara moja.