Kochi la Mama Mkwe

Mama Povu alikuwa ameshafungasha vifaa vyake, miguu ikimwaka moto kwa kazi ya kutwa nzima, simu ikalia. Jua lilikuwa linazama. Mwanamke upande wa pili aliongea chinichini, kama anayejificha kwenye nyumba yake mwenyewe. Ana kochi moja tu. Doa limekataa kutoka. Mumewe anarudi kesho kutoka safari, na hataki alikute.

"Doa la nini, mwanangu?"

"Njoo tu, mama. Nakuomba."

Mama Povu alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi ya kusafisha makochi. Alishatoa wino, damu, mafuta ya kupikia, mpaka rangi ya ukuta iliyomwagwa na fundi mlevi. Alizoea kujisifu kwamba doa likimwona tu linafungasha virago. Akabeba ndoo, brashi na mashine yake ya kufyonza maji, akaenda.

Mwenye nyumba alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, macho yamemvimba. Alimwonyesha sebule kwa kidole. Yeye akabaki mlangoni.

Kochi lilikuwa la mtu mmoja, kitambaa cha kijivu. Doa lilianzia kwenye egemeo, likashuka mpaka kwenye kikalio, hapo likagawanyika... kama mapaja mawili.

"Alikuwa anakaa nani hapa?"

"Mama mkwe. Ametutoka mwezi uliopita."

"Poleni sana."

Akaligusa. Bichi. Tena lina joto.

Mwezi mzima?

Akajikaza. Akanyunyiza siki, akapaka povu, akasugua kutoka ukingoni kwenda katikati, akawasha mashine. Maji yaliyofyonzwa yalitoka meupe pe, lakini doa lilikuwa linapungua. Halafu ikaja harufu. Haikuwa ya uozo. Ilikuwa ya pumzi, pumzi ya mdomo uliokauka siku nyingi.

Akazima mashine.

"Mwanangu..."

Sauti ya kizee, dhaifu. Ilitoka ndani ya sponji.

"Mwanangu... maji."

Ulimi ukamtangulia. Alilelewa hivyo tangu utoto: mkubwa akiita, unaitika.

"Abee, mama."

Kule mlangoni yule dada akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umeitika! Mungu wangu, mama... umeitika!"

"Kuna nini humu ndani?"

Yule dada akateleza ukutani mpaka chini.

"Alikuwa amepooza. Kumlisha mimi, kumwosha mimi, mwanawe yuko safarini. Nikachoka. Nikafunga mlango, nikaenda kwa dada yangu nikalale siku moja tu. Zikawa tatu." Akameza mate. "Nilimkuta palepale. Anautazama mlango."

"Alikuwa hai bado?"

Yule dada akaficha uso kwenye magoti.

"Toka tumzike ananiita," alinong'ona. "Sijawahi kuitika. Nilihisi atakayemwitika ndiye atakayeondoka naye."

"Ukaniita mimi."

"Nisamehe. Fundi wa kwanza alikuwa hasikii vizuri."

Wote wawili wakaligeukia kochi. Lilikuwa safi. Kavu kabisa. Utadhani limeshushwa leo kutoka dukani.

Mama Povu alifika kwake akaketi mezani kwa chakula. Aliponyanyuka, kiti kilikuwa kimelowa. Mgongo, kikalio, mapaja mawili.

Alilisugua doa. Likatoka. Akakaa kwenye stuli, likawa kwenye stuli. Kuanzia siku hiyo alikula akiwa amesimama, akimwambia mumewe kwamba kiuno kinamsumbua. Kitandani alilala ukingoni juu ya karatasi ya nailoni, akiisikiliza ile sauti karibu na sikio lake.

*Maji, mwanangu...*

Alimwekea glasi za maji kila usiku. Asubuhi zilikuwa zimejaa vilevile. Aliombewa mara mbili. Alipofika mlangoni kutoka kwenye maombi, sauti ilikuwa inamsubiri. Alirudi kwenye ile nyumba akakuta kufuli, na jirani akasema wamehama, mtu na mkewe, hawakuaga. Wateja nao wakaanza kulalamika: makochi anayoyasafisha hayakauki.

Ilipofika wiki ya tatu hakuna tena mteja aliyempigia simu.

Jioni moja alikuwa jikoni, ameegemea ukuta. Kwa mara ya kwanza ile sauti ilikuwa kimya tangu asubuhi. Kifua kikaanza kumlegea kidogo. Labda imechoka...

Kutoka chumbani akamsikia mumewe.

"Naam! Nakuja!"

Mzee akatokea na glasi ya maji mkononi, amekunja uso kwa utani.

"Wewe nawe. Unaniita kwa sauti ya mgonjwa halafu unakaa kimya. Haya, maji yako hayo."

Mama Povu akajitoa ukutani. Mumewe akaiweka glasi mezani, akavuta kiti ili avue viatu.

"Usikae..."

Lakini alikuwa ameshakaa.