Saizi ya Mwisho

"Mama, simama hapo hapo! Umeshinda beseni!"

Landry alipaza sauti mbele ya duka la Zubeda, mtaani Bwiza, Jumamosi watu wamejaa. Alivaa fulana ya njano ya kiwanda cha nepi na suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kugawa zawadi kwa akina mama.

Mwanamke aliyesimamishwa aliitwa Dative, fundi cherehani wa Nyakabiga. Gauni lake la kitenge cha buluu alilishona mwenyewe, pana kuanzia kiunoni. Mikononi alikuwa na pakiti mbili za nepi, zile Bwiza wanaziita kushi, saizi ya mwisho kabisa.

"Mi sitaki beseni."

"Nani anakataa beseni la bure? We ni mama nani?"

Mwanamke mjini humu huitwa kwa jina la mtoto wake, na foleni nzima ilikuwa ikisubiri jibu.

"Mama Bella," akasema.

Hakukuwa na Bella. Uchungu wa uzazi ulichukua muda mrefu mno, mtoto akafa, kibofu kikachanika, mume akahama. Madaktari walimshona mara mbili na tundu halikufunga lote. Kushi zilikuwa zake. Alizinunulia Bwiza kwa sababu huko hakujulikana.

Landry aliomba namba ya simu, eti kwa ajili ya beseni. Jioni akapiga.

"Mama Bella, beseni linasemaje?"

"Beseni haliongei."

"Basi ongea we, sheri wangu."

Dative akacheka, na mambo yakaanzia hapo. Wakawa wanakula mishikaki Bwiza, Landry akimtania kwamba anatafuna kama mtu anayekimbizwa. Kweli alikuwa na haraka. Hakukaa mahali muda mrefu na hakupanda pikipiki ya Landry hata siku moja. Landry aliona ni mambo ya mama mwenye mtoto mdogo. Siku moja akaja na viatu vidogo vyekundu.

"Bella ako wapi? Nataka nimuvalishe mwenyewe."

"Kwa bibi yake, Gihosha."

"Twende basi."

"Apana."

"Jana apana, leo apana. Baba yake amerudi, ndiyo?"

Mwanamke mwenye bwana mwingine, watu wanamwelewa. Mwanamke anayejikojolea hawamwelewi. Dative akamwacha aamini hivyo, na Landry akaondoka na viatu vyake bila kuaga.

Wiki ile Dative alipima kitambaa cha mteja, akakikata vibaya, akalazimika kukilipa. Akaona heri amalize. Akapiga simu.

"Landry, usikate. Hakuna Bella. Kushi ni zangu. Moja hainitoshi, nashona mbili pamoja ndiyo zinafika kiunoni. Niliharibika nikizaa."

Dative akaangalia kama simu imekatika.

"Uko?"

"Niko. Dative, subiri..."

"Sasa unajua. Kwaheri."

Akazima simu na kubadilisha laini siku ileile. Hakutaka kusikia jibu, na hilo lilikuwa kosa lake.

Jumatatu, kwenye mkutano wa kiwandani, Landry akanyoosha mkono.

"Patroni, tuna wateja watu wazima. Wananunua saizi ya mwisho, wanaunganisha mbili. Tuwatengenezee yao."

Gaspard, mkuu wa mauzo, akavua miwani. "Sisi tunauza furaha ya mtoto. Mama akikuta picha ya mzee kwenye pakiti yetu, kesho ananunua ya wengine."

"Picha ibaki ya mtoto. Tuongeze ukubwa tu. Hao wateja wanapenda ile picha, inawaficha."

"Na we umejuaje hayo yote?" akauliza Gaspard. "Nani huyo anavaa?"

Wenzake wakageuka. Wote walimjua Mama Bella wake. Angesema "rafiki", wangejua ni yeye kabla ya chakula cha mchana.

"Ni mi," akasema Landry. "Mi ndiye navaa."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka. Gaspard akasema kiwanda si hospitali, lakini atafikiria.

Kabla ya wiki kwisha, Bwiza nzima ilikuwa na habari. Dative aliisikia dukani.

"Masikini yule kijana, wallahi," akasema Zubeda. "Kumbe anavaa kushi! Eti aliomba kiwandani watengeneze kubwa, picha ya mutoto ibaki. Ndiyo maana alikuganda, alitaka za mutoto wako."

Dative aliacha pakiti juu ya meza, akatoka nje, akapiga.

"We ni mujinga kabisa."

"Nani huyu?"

"Dative. Kwa nini umesema ni we?"

"Wangeuliza ni nani. Ungetaka niseme nini?"

Dative alisogea mbali na mlango wa duka, akashusha sauti.

"Kwenye famasi za mjini ziko za watu wazima," akasema. "Unaingia, muuzaji anauliza kwa sauti: za mzee gani? Hiyo ya kuacha picha ya mutoto, umefikiri vizuri. Kuja Nyakabiga."

Landry alimkuta nyuma ya cherehani yake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nataka kutuma wazee kwenu, Gihosha, kuposa."

"Sikiliza kwanza. Kuzaa tena, daktari hajui. Na iko usiku kitanda kitalowa."

"Nimesikia."

"Apana, hujasikia. Shuka atafua nani?"

"Mi."

"Kwenye nyumba ya kupanga? Uwanja mmoja, majirani wote wanaangalia?"

"Waangalie. Si wanajua ni zangu?"

Dative akacheka. Alicheka mpaka ikabidi ainuke, aende nyuma ya pazia kubadilisha kushi. Landry akangoja, akichezea mabaki ya vitambaa. Aliporudi, alikaa, akatunga uzi kwenye sindano.

"Walete Jumapili," akasema. "Baada ya misa."