Uzi Mwekundu Kwenye Usukani

Kila siku ya likizo, jua likishafika utosini, Chiriku alichukua kibakuli cha chakula cha mjomba wake na kukipeleka dukani. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na utani wake ndio usiseme. Aliwahi kulitangazia darasa kwamba shule imefungwa, na nusu ya darasa wakarudi nyumbani.

Mjomba alikuwa fundi katika duka la baiskeli. Baiskeli zilifika vipandevipande ndani ya maboksi, naye akiziunga uani nyuma ya duka. Akimaliza moja aliipanda, akazunguka nayo uani, akafinya breki mpaka gurudumu likalia, ndipo alipofunga uzi mwekundu kwenye usukani. Mwenye duka, mzee ambaye watu walimwita Bwana Risiti kwa sababu hata ukimsalimia utadhani atakuandikia risiti, hakuruhusu baiskeli isiyo na uzi itoke mlangoni.

"Huo uzi ni wa urembo, Mjomba?" Chiriku alimuuliza siku moja.

"Huo uzi ni mimi," Mjomba alijibu huku anatafuna.

Sikukuu zilipokaribia, duka lilishusha bei. Baiskeli nyingi zilikuwa za kupigia picha tu, rangi nyingi na chuma kidogo. Lakini moja, ya kijani, ilikuwa baiskeli kwelikweli: fremu nzito, keria imara, spoki zimenyooka kama mistari ya daftari. Chiriku aliitaka mpaka usingizi ukamkimbia. Shule ilikuwa mbali, na viatu vyake vilikuwa vimepakwa gundi mara nyingi hadi gundi ikazidi kiatu.

"Mshahara ukitoka Ijumaa tunaifuata," mama yake, aliyekuwa dobi wa hospitali, alimwahidi. "Ila ikiuzwa kabla, mwanangu, usinililie."

Tatizo ni kwamba kila mteja alisimama kwenye ile ya kijani. Siku moja bwana mmoja alipiga kengele yake, akatabasamu, akatoa pochi. Bahati yule bwana akakumbuka kwamba hajamuuliza mkewe.

Mchana huohuo, Mjomba alipokwenda kunawa mikono, Chiriku alichukua spana akalegeza nati za waya za breki, ya mbele na ya nyuma. Mteja akifinya akute breki imelala, ataiacha, alijiambia. Ijumaa nitazikaza, na hakuna atakayejua. Akacheka peke yake. Na kweli, wateja waliofuata walifinya, wakakunja uso, wakaenda zao.

Alhamisi alipoingia dukani, mahali pa ile ya kijani palikuwa wazi kama pengo la jino.

"Mzee, ile ya kijani iko wapi?"

"Imeolewa," alisema Bwana Risiti. "Mama mshonaji kamchukulia mwanawe. Nimeiviringisha karatasi za zawadi mpaka usukani, hata kengele huioni."

"Hakuijaribu?"

"Aijaribu ya nini? Kauona uzi kabla sijaifunga. Kasema, mimi na uzi hatudanganyani."

Mama mshonaji aliishi juu kilimani. Karibu na nyumba yake barabara ilishuka moja kwa moja mpaka njia kuu, njia ya malori. Uani, Mjomba alikuwa akipiga mluzi huku akigonga kitu. Chiriku alifungua mdomo amwambie. Mdomo ule usiojua kupumzika ukakauka. Akachukua spana, akatoka mbio. Nitazikaza kimyakimya, alijiambia, kabla hajaipanda.

Alikimbia mpaka mate yakawa na ladha ya chuma. Kwenye baraza ya mshonaji karatasi za zawadi zilikuwa zimetapakaa.

"Shikamoo, mama. Kifimbo yuko wapi?"

Kifimbo ndiye aliyekuwa mtoto wa mshonaji, darasa moja na Chiriku, mwembamba kama jina lake.

"Marahaba. Kaikokota baiskeli yake mteremkoni, anataka wenzake wamwone akishuka. Mbona unahema hivyo?"

Chiriku hakungoja kujibu. Alimkuta Kifimbo juu kabisa ya mteremko, mguu mmoja kwenye pedali, wenzake wamejipanga pembeni.

"Kifimbo, shuka. Breki hazishiki."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Chiriku huyo," alisema Kifimbo. "Si wewe uliyesema shule imefungwa? Nilifagia uwanja wiki nzima kwa ajili yako."

"Safari hii ni kweli."

"Na ule mjusi kwenye shati langu?"

"Hakukuwa na mjusi. Lakini breki..."

"Wivu tu. Ona, ina uzi mwekundu. Kaufunga mjomba wako mwenyewe. Sasa mwongo nani, wewe au yeye?"

Ilikuwa rahisi kusema Mjomba kasahau. Neno moja tu, na Kifimbo angeshuka. Chiriku alitazama chini ya mteremko, lori likapita likipiga honi. Kifimbo akaegemea mbele.

"Mjomba alizikaza," Chiriku alisema. "Mimi ndiye nimezilegeza, kwa spana hii. Nilitaka watu waikatae ili niipate mimi."

Kicheko kikakatika. Walizoea Chiriku awachekeshe kwa aibu ya wengine, si kwa aibu yake. Polepole Kifimbo akafinya breki. Mkono wa breki ukaenda mpaka kwenye usukani bila kukaza chochote. Akafinya wa pili. Akatazama mteremko. Kisha akashusha mguu, akakaa chini vumbini, baiskeli bado kaikumbatia.

Mama mshonaji alikuwa amemfuata Chiriku, na alisikia yote. Alimshika mkono, akamrudisha dukani pamoja na mwanawe na baiskeli.

Bwana Risiti alisikiliza, kisha akamgeukia fundi wake. "Kumbe uzi wako hauna maana."

"Una maana, Mzee," Chiriku alisema akilia. "Ni mimi." Akaeleza tena, mbele ya Mjomba, na mara hii iliuma zaidi.

Mjomba hakumgombeza. Alikata uzi wa zamani, akakaza nati, akaipeleka baiskeli kilimani na kushuka nayo mwenyewe, mshonaji akimtazama. Ndipo alipofunga uzi mpya.

Jioni, wakirudi nyumbani, alisema, "Umelegeza nati, mpwa wangu, na neno langu pia. Nati nimezikaza kwa spana. Neno halina spana. Hukazwa kwa siku nyingi."

"Nisamehe, Mjomba."

"Nimekusamehe. Ukweli uliousema kule juu umemrudisha mtoto wa mtu kwa mama yake. Ulikuuma?"

"Sana."

"Basi ukumbuke unavyouma. Mtu akizoea kudanganya, hata siku anayotaka kuokoa maisha, watu humcheka kwanza."

Mshahara wa mama ukatoka, baiskeli hakuna. Likizo iliyobaki Chiriku alikagua breki uani, na Mjomba alikagua tena nyuma yake, kila moja.

Maboksi mapya yalifika shule ikikaribia kufunguliwa. Ndani mlikuwa na nyingine ya kijani, na mama akaja kuilipia. Chiriku alifinya breki zake, akasogea pembeni ili Mjomba arudie. Mjomba hakuigusa. Alimnyooshea uzi mwekundu.

"Ungemruhusu Kifimbo ashuke na hii?"

Chiriku alirudi, akafinya tena, mbele na nyuma.

"Ningemruhusu."

"Basi funga."