Kalamu Iliyokataa Kuwekwa Chini

"Wekeni kalamu chini," alisema Mwalimu, na kalamu zote kumi na tisa zikalazwa juu ya meza. Moja ikaendelea kuandika.

Aliisikia vizuri. Kwaru, kwaru, kwaru, kutoka nyuma ya darasa, kama mtu anayekazana kumaliza mstari kabla hajanyang'anywa karatasi. Mwalimu alidhani ni yule bibi mbishi wa pembeni, ambaye wenzake walimpachika jina la Bibi Kwanini. Akainua macho. Bibi alikuwa amekunja mikono kifuani, anapiga miayo. Wengine wote walikuwa wanamtazama yeye mwalimu wao. Meza ya mwisho, ile iliyogusana na ukuta, haikuwa na mtu. Kalamu ikakwaruza mara mbili tatu, ikanyamaza.

"Panya huyo, anafanya mazoezi," alisema mmoja, na darasa likacheka.

Mwalimu naye akacheka. Lakini alipokusanya madaftari aliyahesabu, akayahesabu tena, yakawa ishirini.

Lilikuwa darasa la watu wazima. Chama cha wanawake wa mtaa ule ndicho kilicholianzisha. Walikuwa wafua nguo, wauza mkaa, wafagiaji wa hospitali, mafundi cherehani, waliochoka kutia dole gumba kwenye karatasi wasizojua zinasema nini. Walikwenda shule ya jirani kuomba chumba cha jioni wakaambiwa madawati yale ni ya watoto. Basi wakatafuta nyumba, wakaipata moja iliyokaa tupu miaka saba, wakaifagia, wakaipaka chokaa, wakagonga meza kwa mbao za masanduku. Siku ya kufungua, Katibu wa chama, fundi cherehani mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alisimama mlangoni akatangaza: "Mlango huu haumfungii mtu! Yeyote anayetaka kusoma na aingie. Hatutamuuliza katoka wapi wala alikuwa wapi siku zote." Vigelegele vikapigwa mpaka chokaa mbichi ikadondoka.

Mwalimu alikuwa amefundisha shule za serikali miaka kumi na minane, na huku alikuja kwa ajili ya mtu mmoja tu. Dada yake mkubwa aliachishwa shule akiwa darasa la pili ili yeye mdogo apate kwenda. Dada akafua nguo za watu, na blauzi ya sare ya mdogo wake ikawa nyeupe kuliko zote shuleni. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, hata siku waliyogombana, na ndiyo maana Mwalimu hakuweza kulisahau. Sasa, mwenye miaka hamsini na miwili, Dada aliketi safu ya pili, ameshika kalamu kama ameshika kisu cha kukatia mihogo, anasoma neno moja kwa jasho na kulirudia kimoyomoyo njia nzima hadi nyumbani.

Daftari la ishirini halikuwa na jina. Kurasa zake za mwanzo zilijaa herufi a, moja ikimpanda mwenzake mgongoni, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Lilikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Mwalimu aliwauliza wanafunzi, kila mmoja akaonyesha lake. Akaliacha mezani, akajiambia ni mtu anayeona haya. Watu wazima wana haya kuliko watoto, alilijua hilo vizuri.

Wiki ya pili lile daftari liliandika silabi. Wiki ya tatu likaandika sentensi, safi, bila kosa, wakati darasa zima bado linapigana na ng'ombe na nyumba. Siku hiyohiyo mfua mashuka wa hotelini, ambaye alishaanza kuwachosha wenzake kwa kusoma kila bango la barabarani kwa sauti, aliketi, akautazama ubao, akakunja uso.

"Mwalimu, leo umeandika lugha gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akainamia daftari lake, akaligeuza juu chini, chini juu, machozi yakaanza kumtoka. "Jana nilikuwa nayajua haya," alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi jana nilikuwa nayajua."

Jioni ile Mwalimu alifungua daftari la ishirini. Ukurasa mzima ulikuwa umeandikwa kitu kimoja, jina kamili la mfua mashuka, lake na la baba yake na la babu yake. Jina la babu mwanamke yule hakuwahi kulitaja kwa mtu yeyote pale darasani.

Siku nne baadaye ikawa zamu ya muuza mkaa. Yeye zilimtoka herufi, na kesho yake hakuweza kutaja jina la mtoto wake wa tatu.

"Mwalimu, sikiliza," alisema Katibu alipoambiwa, huku pini za kushonea ziko mdomoni. "Ofisa wa elimu ya watu wazima anakuja baada ya wiki tatu kuwapima. Wakifaulu, kituo kinatambuliwa. Wakishindwa, tunafunga, na wale wa shule ya jirani watasema si tuliwaambia. Nitamwambia nini? Kwamba ukuta unajua kuandika?"

"Njoo ukae nyuma siku moja uone."

"Mimi nikae nyuma?" Katibu akatoa pini mdomoni, moja moja. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ngoja nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Juzi nilipita pale saa saba mchana kuchukua kiti. Nyumba imefungwa, funguo ninazo mimi. Nikasikia mtu ndani anasoma. Ba, be, bi, bo, bu. Kwa sauti yako, Mwalimu. Nikakuita. Ikanyamaza, halafu ikaniita mimi, jina langu la utotoni. Sikuchukua kiti."

Kuanzia hapo Mwalimu hakutulia. Akiketi anasimama, akisimama anakwenda dirishani, akiwa anaandika ubaoni anageuka ghafla kama mtu aliyeguswa bega. Aliiondoa meza ya nyuma akaitupa uani, na kalamu ikaendelea kukwaruza palepale ilipokuwa, hewani. Alilichoma daftari jikoni kwake, na kesho yake akalikuta katikati ya mengine, halina hata alama ya moshi. Usiku alikuwa halali, mchana hali, na kila alipoingia darasani kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa safu ya pili, mkono wa dada yake, kama bado unaandika.

Siku ya Jumanne ulisita. Dada alikuwa katikati ya neno, akasimama, akaitazama kalamu kana kwamba mtu kamwekea mkononi kwa makosa, kisha akainua uso polepole akamtazama mdogo wake, akatabasamu tabasamu la mtu anayekutana na mgeni mlangoni na anatafuta adabu ya kumuuliza yeye ni nani.

Mwalimu hakungoja. Aliruka meza mbili hadi nyuma, akalifungua daftari la ishirini lililolala sakafuni, na humo jina la dada yake lilikuwa linaandikwa, wino bado umelowa, herufi zinatokea moja baada ya nyingine bila mkono wala kalamu, na kila herufi iliyokamilika pale ndiyo iliyofutika kwenye daftari la Dada, mpaka ukurasa wa Dada ukabaki mweupe kama haujawahi kuguswa.

"Tokeni nje," alisema Bibi Kwanini.

Hakusema kwa nguvu. Lakini bibi yule aliyekuwa akibishana kwa nini e ina mdomo wazi na i ina kofia, sasa alikuwa amesimama wima, na hapana aliyebishana naye. Watu walijua kazi yake. Miaka arobaini alikuwa akitoa majini vichwani mwa watu. Darasani alikuja kwa sababu moja tu, ya kujifunza kusoma vifuniko vya vidonge vyake vya presha, maana mara mbili alishakosea kumeza.

"Bibi, ulijua?" Mwalimu alimwuliza kwa kunong'ona.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nikadhani ni kasikilizaji tu. Wako wanaokaa penye watu, wanasikiliza, hawadhuru." Akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha udi. "Kosa langu. Nami nilikuwa nahangaika na herufi, mwanangu. Nilitaka walau mara moja niwe mwanafunzi tu kama wenzangu."

Katibu, aliyeitwa na waliotoka, alileta pasi yake ya mkaa kutoka dukani, mbio, makaa yangali mekundu. Bibi akaifunua, akatupia udi, moshi ukapanda, na Dada akaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha mabega, kisha meno.

"Wewe ni nani?" aliuliza Bibi.

Mdomo wa Dada ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, ile anayoitumia kufundishia, ya upole, iliyokata maneno vipande. "Mi-mi ni mwa-na-fu-nzi."

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akagonga ubao.

"Nani alikualika?"

"Yule pale." Kidole cha Dada kikamwelekea Katibu, aliyekuwa amejibanza mlangoni. "Alisema mlango haumfungii mtu. Nilikuwa hapa kabla ya nyumba. Watu walikuja wakasema maneno yao, wakafa, maneno yakafa. Ninyi mmekuja na maneno yanayobaki. Nami nayataka."

"Umefundishwa, umejua. Toka uende."

"Hayakai kwangu." Kwa mara ya kwanza sauti ile iliingiwa na kitu kama kilio. "Nikiandika leo, kesho yamepotea. Ndiyo nachukua kwa hawa, na hawa wana machache. Huyu ana maneno mia moja na sita. Nikimaliza maneno nachukua majina. Nikimaliza majina nachukua aliyeitwa."

Katibu akaanza kulia mlangoni. Bibi akatupia udi mwingine, akasoma dua kwa haraka, jasho likimtiririka, na moshi ukajaa, na ndani ya moshi kalamu zilizoachwa juu ya meza zikaanza kukwaruza mbao zote kwa pamoja, kumi na tisa, kwaru kwaru kwaru, kama mvua inayokuja kutoka mbali, na macho ya Dada yakageuka, ukabaki weupe mtupu, na midomo yake ikawa inataja majina ya watu wote aliowahi kuwajua, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa ukamwona anamtoka usoni, mama yao, baba yao, mumewe marehemu, watoto wake wawili.

"Lina nguvu kuliko nilivyodhani," Bibi alisema akihema. "Mwalimu, usilijibu. Lolote litakalokuomba, usilijibu!"

Sauti ikamgeukia Mwalimu. "Wewe unayo mengi. Huwezi kuyahesabu. Nipe wewe, niwaachie hawa wote."

"Nyamaza, mwanangu!" Bibi akafoka.

Midomo ya Dada ilikuwa imefikia jina la mwisho. Ilikuwa imeanza kulitaja, silabi ya kwanza, na jina lile lilikuwa la mdogo wake.

"Chukua," alisema Mwalimu.

Kalamu zote zikanyamaza.

Hakusikia maumivu. Alihisi tu upepo wa baridi ukimpita nyuma ya macho, kama mtu aliyefungua kabati na kulihamisha lote kwa mkupuo mmoja. Dada alianguka mikononi mwa Bibi, akafumbua macho, akasema, "Mdogo wangu, mbona mnanifukiza kama nguo?" Katibu akacheka na kulia pamoja. Mwalimu akageuka kuutazama ubao aliouandika yeye mwenyewe nusu saa kabla. Ulikuwa umejaa vijiti na vitanzi vyeupe, kama nyayo za kuku.

Ofisa alikuja wiki mbili baadaye. Mfua mashuka alisoma, muuza mkaa alisoma na kuandika majina ya watoto wake wote watano bila kuulizwa. Dada alisoma ukurasa mzima kwa sauti, akakwama mahali pamoja tu. Kituo kikatambuliwa. Ofisa alitaka kumpongeza mwalimu, akaambiwa anaumwa macho.

Chama kilikaa kikao kikaamua bila mtu kupinga: Dada atamfundisha. Hivyo kila jioni, wenzao wakiendelea na kazi zao, dada wawili waliketi meza moja. Dada alikuwa mwalimu mkali. "Tumbo la herufi lijae, usilibane," alimwambia. Mwalimu alitoa jasho, alikosea, alifuta, na mara nyingine alicheka mwenyewe. Bibi Kwanini aliwatazama kwa mbali, hakuwa na raha, lakini miezi miwili ilipita bila sauti wala harufu, naye akarudi kusoma vifuniko vya vidonge vyake.

Jioni moja Dada alimshika mkono, akamwongoza mara tatu, a, a, a, kisha akauachia. "Sasa wewe peke yako."

Mwalimu akainama. Mkono wake ukaanza kwenda. Ulikwenda vizuri ajabu, mwepesi, ukafika mwisho wa mstari ukarudi mwanzo wa mwingine, na yeye akajaa furaha kama mtoto, maana hakuhisi anaandika bali anachukuliwa. Uliposimama wenyewe aliinua uso.

"Nimeandika nini, Dada?"

Dada alikuwa anasoma. Alisoma kwa midomo, polepole, neno kwa neno, kama alivyozoea. Alifika mwisho wa majina ya wote waliokuwa mle ndani, akarudia mstari wa kwanza, wenye jina lake. Kisha akaichana karatasi taratibu, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Umeandika a," alisema. "Nzuri kabisa. Endelea, usiinue kichwa."

Akasimama, akapita meza moja baada ya nyingine, akimwinamia kila mtu sikioni, na wanawake wakaanza kuinuka na kutoka nje, mmoja mmoja, bila kukimbia.