Fundo la Thelathini na Moja

Sokoni, kati ya wauza mitumba, kamba ndefu ilikata njia. Ilikuwa na mafundo thelathini, na kila fundo lilikuwa la mtoto mmoja wa darasa la tatu. Mbele alitembea mwalimu Chanelle, gauni la njano na viatu vinavyobana, akihesabu vichwa kila baada ya hatua kumi. Siku hiyo watoto walijifunza vipimo kwa kununua maharage wenyewe.

Fundo la mwisho lilikuwa tupu; Fabiola alibaki kwao na malaria. Kijana mwenye aproni iliyojaa unga akalishika.

"Bwana, achia kamba yangu."

"Mwalimu, mi naogopa kupotea. Soko ni kubwa."

Watoto wakacheka.

"Una miaka mingapi?"

"Makumi mbili na munane. Lakini hesabu sijui."

"Basi nyamaza, na usivute."

Aliitwa Destin, mzaliwa wa Uvira, mwoka mikate mtaa wa Kigobe. Kabla hawajafika kwenye mizani ya maharage alikuwa ameshapata namba ya simu ya mwalimu. Kwa wiki tatu akampigia kila alasiri.

"Sheri wangu, umekula?"

"Nasahihisha madaftari. Sema haraka."

"Ulete batoto bulanjeri, pale tunaoka mikate, bakande unga na mikono yao."

"Alhamisi, saa tatu asubuhi?"

"Saa tatu ya asubuhi?" Destin alirudia. "Saa tatu. Nitakungojea."

Alhamisi watoto wote thelathini, Fabiola naye amepona, walitoka shuleni kwao Ngagara kwa miguu mpaka Kigobe, kucha zimekatwa, mikono imenawa. Mlango ulikuwa na kufuli. Simu ya Destin iliita bila kupokelewa. Walisimama juani nusu saa, kisha wakarudi na njaa. Mkuu wa shule, Madame Adélaïde, aliwasubiri langoni.

"Wazazi wakiniuliza watoto wamejifunza nini leo, niwajibu kutembea?"

"Nisamehe, Madame."

"Masomo ya nje yamekwisha. Jumatatu urudi kwenye ubao."

Miaka miwili Chanelle alikuwa amepigania masomo hayo. Ijumaa aliwafokea watoto bila sababu. Alishika simu, akaiweka, akaishika tena. Jumapili kanisani hakusikia neno.

Jumatatu asubuhi alikuwa akifuta ubao Destin alipotokea mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, beseni kubwa mikononi limefunikwa kitambaa. Watoto wakageuka wote.

"Toka."

"Chanelle wangu, nisikilize."

"Mi si wako. Uliniaibisha mbele ya watoto thelathini."

"Mikate tunaoka usiku. Saa kumi na moja alfajiri tanuri imezimwa, watu wamelala."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema, hungekuja. Nikazuia nusu ya unga, ningoje batoto. Patron, mwenye bulanjeri, akafika alfajiri, wateja wako kwa mulango, mikate apana. Akanifukuza palepale. Simu ikabaki ndani."

"Na siku zote hizi?"

"Nilikuwa na haya. Halafu nilitafuta mbabula, majiko ya kuazima. Ziko tano kwa lango, na makaa."

Chanelle alitazama dasta mkononi. Somo la mkate alikuwa ameliandaa wiki mbili, hatua zote kwenye karatasi, na hakuwahi kuuliza waoka mikate wanafanya kazi saa ngapi.

"We mjinga sana," alisema, sauti imelegea. "Unga ni wa leo?"

"Umeumuka. Tukichelewa utashuka."

Madame Adélaïde alikuwa ameshafika, mikono kiunoni.

"Madame, hawatavuka lango," Chanelle akasema. "Uwanja ni wa shule."

Mkuu alifunua kitambaa, akabonyeza unga kwa kidole, ukarudi juu polepole. "Mpaka saa nne. Na mkate wangu usiungue."

Watoto walikanda hadi viwiko vikawa vyeupe. Kila mmoja aliandika herufi ya jina lake juu ya mkate wake. Kabla ya saa nne harufu iliingia madarasa yote, na hakuna mwalimu aliyefundisha kitu. Madame alikula wake akiwa amesimama, akaomba na kipande cha mkate wa Fabiola.

Kisha kamba ikatolewa, waende bombani kunawa. Destin akafunga fundo jipya mwishoni.

"Hilo la nani?" Chanelle akauliza.

"La mutu anayetaka mjomba wake aje kwenu siku ya Mungu, na kreti ya bia, aombe irembo, ruhusa ya kukuoa."

"Na kazi?"

"Kesho naanza kwa Hamimu, Buyenzi. Yeye anaoka mchana."

Chanelle alihesabu vichwa kuanzia mbele, bila haraka, mpaka akamfikia yeye.

"Thelathini na moja," akasema. "Twende."